Chaki ya Mfukoni

Ole, Pemba
24 Aprili 2024

Mwanangu Ummkulthum,

Assalaam alaykum warahmatullah. Idi imepita na sisi tumebaki, alhamdulillah, tumbo la mjomba wako likiwa limeongezeka kwa kiasi ambacho mke wangu Bi Laila anadai kinaonekana kutoka barabarani. Mama yako Mwanawema nilimkuta Wete siku ya Idi pili, mzima, na salamu yake ya kwanza ilikuwa lawama, kama ilivyo haki ya dada mkubwa.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Simu yangu inaumwa. Ukinipigia nasikia mvumo tu, kama nyuki ndani ya kopo, na zile sauti unazonirekodia hazitoki kabisa. Nimeipeleka kwa fundi wa Wete. Akaiweka sikioni, akasikiliza, halafu akaniangalia mimi badala ya kuiangalia simu. "Maalim, simu nzima hii," akasema. Mafundi wa siku hizi hawajui kitu. Basi nimempa barua jirani yetu Soud, anayepeleka ndizi Unguja kila wiki, nawe nijibu kwa mkono wake. Itakusaidia kunyoosha mwandiko. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye mwandiko wa daktari ni msiba.

Sasa jambo lenyewe. Nimesema na Bi Shamima, mwalimu mkuu wetu, kuhusu mazoezi yako ya kufundisha. Amekubali uje uyafanye kwangu muhula mzima, kuanzia Julai: darasa la kwanza, watoto themanini na watatu, chumba kimoja. Wewe utasimama mbele, mimi nitakaa nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yakiwa kidevuni, nikunong'oneze unapokwama. Chaki usilete. Mie huwa nayo mfukoni, na Bi Laila ameapa kwamba akikuta tena chaki kwenye shati la kufua ataanika shati na mimi humohumo ndani.

Wala usiogope wingi wao. Darasa langu mwaka huu limetulia ajabu. Nikiwaambia wasome, midomo inakwenda sare moja kama safu ya watu wa maulidi ya homu wakiyumba pamoja, na hakuna anayenipandia juu ya kichwa kwa kelele. Juzi Bi Shamima alipita dirishani akasimama kustaajabu. Miaka yote nimelia na makelele, leo nimepewa watoto watulivu mpaka nasinzia.

Na kwamba wewe ni mwalimu tulishajua zamani. Umesahau kuku wa Bi Laila? Uliwapanga nyuma ya jiko ukawaita majina, na jogoo ukamsimamisha kwenye kona kwa utoro.

Nijibu kabla ya Mei kwisha, Bi Shamima anataka jina lako.

Mjomba wako,
Nyange

---

Unguja
19 Mei 2024

Mjomba Nyange,

Shikamoo, na Bi Laila umfikishie yake. Barua yako imefika ikinuka ndizi mbivu, na wenzangu tunaolala pamoja dakhalia wakaipokezana puani kabla sijaifungua. Wanasema hawajawahi kumwona mtu aliyeandikiwa barua. Mimi sijambo. Ile homa imeniacha, chakula cha hapa ni kilekile, na mvua imetuingilia mpaka vitandani.

Kuhusu mazoezi, nakushukuru wewe na Bi Shamima, Mungu awalipe. Lakini mambo yamebadilika. Chuo chetu kimeyapunguza. Badala ya muhula mzima sasa ni wiki tatu, na mbili katika hizo zinaruhusiwa kufanyika hapahapa, sisi kwa sisi. Mmoja anakuwa mwalimu, wenziwe wanajifanya watoto, mkufunzi anakaa nyuma na kutoa alama. Wiki ya tatu ndiyo tunakwenda skuli ya karibu. Wametueleza sababu, nazo ni za kweli: skuli nyingi hazina walimu, na kumweka mtu muhula mzima akitazamwa ni kuwacheleweshea watoto mwalimu wao. Karibu sote tumechagua njia hiyo. Nami nimeshajiandikisha.

Kwa hiyo sitakuja Julai. Usinielewe vibaya.

Tena nafanya vizuri. Tuna mwenzetu anaitwa Abdulsamad, ana ndevu mpaka kifuani na watoto wawili kwao, lakini akigeuzwa mtoto wa darasa la kwanza analia kuomba kwenda chooni mpaka mkufunzi anafuta machozi. Jana nilimfundisha herufi *ba*. Akajifanya hajui, nikamwelekeza kwa upole, akajua. Mkufunzi akasema nina kipaji. Na ile siku ya Februari tuliyopelekwa skuli kuonja kufundisha ilikwenda salama, kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote.

Nimekupigia simu mara nyingi. Unapokea, unasema "haloo, haloo, mtandao huu," halafu unakata. Kwangu mimi sauti yako inakuja safi kabisa.

Mtoto wako,
Ummkulthum

---

Ole
30 Juni 2024

Mwanangu,

Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Ndiyo sababu ya kuchelewa, usimlaumu Soud. Kwetu salama. Idi ya Kuchinja tumekula bokoboko kwa mama yako, na Bi Laila hajambo, ila amezuka na tabia ya kunipigia kelele. Mwanamke niliyemuoa kwa upole wake! Juzi nimemuuliza kwa nini ananifokea. "Sikufokei, Nyange," akasema, "nakwambia chakula tayari." Mzee Jabir wa nyumba ya pili naye amekuja kuuliza kama nimefungua sinema, kwa vile televisheni yetu anaisikiliza akiwa kwake kitandani.

Sasa huyo Abdulsamad. Nimecheka peke yangu barazani mpaka wapita njia wakanitolea salamu za pole. Lakini mtoto wa darasa la kwanza, Kulthum, haombi chooni kwa kuchezacheza. Anamaliza palepale alipokaa, halafu anakutazama uone utafanya nini. Jino linamtoka mtu katikati ya herufi, damu, kilio, na darasa zima linataka kuliona hilo jino. Yuko atakayekaa wiki nzima hasemi neno nawe hujui nani kamkosea. Abdulsamad anajua kusoma. Hiyo ndiyo kasoro yake. Huwezi kumfundisha kusoma mtu anayejua kusoma, hata akinyoa.

Sisemi waliopunguza wamekosea. Hapa kwetu darasa la tatu halina mwalimu tangu Januari. Bi Shamima amewaunganisha na la nne, wanakaliana mapajani. Shida hiyo naiona kila asubuhi. Ninachouliza ni nani atakuwa amekaa nyuma siku utakayokwama.

Njoo hata mwezi mmoja. Njoo hata wiki mbili, hesabu ni likizo yako. Sina sababu kubwa. Ningependa tu awepo mtu darasani awasikilize hawa watoto wanaposoma. Yuko mmoja, Nusaiba, mtoto wa yule muuza halua. Midomo yake inakwenda kama cherehani na kila siku nampa "vizuri sana" yake. Juzi nikamwandikia neno moja peke yake ubaoni, akalitazama kama mtu anayetazama ukuta. Labda alikuwa na homa.

Na jambo dogo. Pale ulipoandika kwamba siku ya Februari ilikwenda salama, mwandiko wako umepinda. Kwengine kote umenyooka. Sijui kwa nini, mimi ni mwalimu wa mwandiko tu.

Mjomba wako,
Nyange

---

Unguja
11 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi tu. Karafuu zilipoiva Soud aliacha safari za ndizi, akapanda mikarafuu ya babake na barua ikiwa ndani ya koti lake. Mama ndiye aliyemdai, akaniletea mwenyewe alipokuja kuniona. Yeye hajambo, kaniletea samaki wa kukaanga, na amelala na mimi kitanda kimoja siku mbili akilalamikia godoro.

Nimemaliza. Nimepasi. Mkufunzi ameandika "mahiri mbele ya darasa." Nimepangiwa skuli huko Mtambile, darasa la kwanza, mwezi ujao wa Septemba. Abdulsamad kapangiwa Tumbatu, anasema watoto wa huko wataogopa ndevu. Wenzangu wanafurahi, nami nacheka nao, lakini nguo sijaanza kuzifunga.

Mama ameniambia kitu. Alikuja kwako ukiwa barazani unashona jamvi la kuanikia karafuu, umempa mgongo. Akapiga hodi. Akapiga tena. Akakuita jina lako, jina ambalo yeye ndiye aliyekufundisha kuliitikia ulipokuwa mdogo. Hukugeuka mpaka kivuli chake kilipoanguka juu ya jamvi. Ukamwambia ulikuwa unawaza.

Mjomba, unasikia?

Nimezisoma barua zako zote mbili tena. Fundi wa simu, Bi Laila anayefoka, televisheni, darasa lililotulia. Ukinijibu kwa mzaha nitajua jibu ni lipi.

Na ili usione nimekufunua wewe peke yako, na mimi nitasema. Siku ile ya Februari haikwenda salama. Nilisimama mbele ya watoto, nikasema sentensi moja. Mtoto wa mstari wa mbele akairudia na mvuto wangu wote wa kusema kama watu wa kwetu Pemba, akiupandisha mwishoni kama ninavyoupandisha. Darasa likacheka. Akairudia na mwengine. Mwalimu wao alikuwa ametoka. Nikasema, "Ngojeni, nakwenda kuchukua chaki." Chaki nilikuwa nayo mkononi, Mjomba. Nilikwenda nayo mpaka kituo cha gari, na sikurudi.

Ile wiki ya tatu tulikuwa watatu katika darasa moja. Nikawaambia wenzangu wafundishe wao, mimi nisahihishe madaftari. Walinishukuru. Kwa hiyo tangu nizaliwe, waliowahi kunisikiliza mpaka mwisho wa somo ni Abdulsamad na kuku wa Bi Laila.

Siku wiki tatu zilipotangazwa niliwaombea dua waliozitangaza. Sasa natamani zingekuwa haziruhusiwi, nikalazimishwa kuja kwako.

Ummkulthum

---

Ole
6 Septemba 2024

Mwanangu Kulthum,

Barua hii nampa dereva wa gari, nadhani itakukuta umeshafika Mtambile. Bi Laila anakusalimu, amekufungia mkate wa kumimina na anaomba usimgawie dereva.

Uliponikataza mzaha ulininyang'anya nusu ya maneno niliyo nayo. Nilianza kukuandikia kwamba masikio yangu ni mazima, ila yamestaafu kabla yangu. Nikamsomea Bi Laila, akacheka. Na siku hizi Bi Laila akicheka naona meno tu. Nikaichana.

Ndiyo. La kushoto limezima. La kulia linapata mtu akiwa karibu na akiwa amenitazama. Lilianza mwaka jana, pole pole, kama maji yanavyokauka kisimani, nami nikajiambia ni vumbi la chaki.

Sikiliza, sasa, lililotokea. Wewe unajua msimu wa karafuu ulivyo. Skuli iko wazi lakini watoto wako mikarafuuni, au wako uani na bibi zao wanachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Jumatatu darasani nilikuta watoto kumi na mmoja. Nikaona hakuna haja ya kusimama mbali. Nikaketi kati yao, nikamwita Nusaiba asome, nikainamisha sikio la kulia mpaka kinywani mwake, karibu sana, pumzi yake nikaihisi.

Midomo ilikwenda. Sauti haikuwepo.

Nikasema rudia. Ikawa vilevile. Nikawatazama wengine, nao wanatazamana. Nikamgeukia mwengine, soma wewe. Midomo. Pumzi. Hakuna kitu. Basi kuna mtoto anaitwa Siti, hana meno ya mbele, huyo hawezi kuficha hata andazi. Akanisogelea na kuniambia sikioni, nami nikamrudisha mara tatu mpaka nikalipata:

"Maalim, siye hatusomi. Twatikisa midomo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Tulikuwa na kiu."

Walikuwa wanajaribu saumu zao za nusu siku, Kulthum. Koo zimekauka, hawawezi kupaza, wakawa wanafungua vinywa tu. Nami nikasema "vizuri sana." Siku ya pili wakajaribu tena, nikasema "vizuri sana." Idi ikapita, maji wakanywa, lakini nani ataacha njia nyepesi kama hiyo? Kuandika wanaandika, ubao wananakili kama wapiga picha, ndiyo maana madaftari yao hayakunistua. Lakini ukifuta ubao, na neno nalo limekwenda.

Nilikaa pale kwenye kile kiti cha mtoto, na sikuwafokea. Ningewafokea kwa lipi? Chuo chenu kimepunguza mazoezi, darasa langu limepunguza sauti, na sote tumepewa alama nzuri.

Bi Shamima sijamwambia. Akijua ataniondoa, na wa kunipokea hayupo. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Ukweli mwengine ni kwamba sijui nitakuwa nani nikiamka asubuhi na hakuna watoto wanaoningoja. Mama yako naye usimwambie, atakuja na mafuta ya habasoda ya kunitia masikioni mpaka yafurike.

Sikuiti tena. Nilikuita uje uwe masikio yangu, nikakudanganya kwamba nakuita uje ujifunze. Nenda kwa watoto wako. Na wakikucheka, jua angalau unawasikia.

Mjomba wako,
Nyange

---

Mtambile
4 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mkate umefika, na dereva alikuwa na makombo ya zabibu kwenye ndevu, kwa hiyo mwambie Bi Laila amefanya alichoweza. Nimepanga chumba kwa mzee mmoja karibu na maduka. Mama anakuja kila Ijumaa kuhakikisha sijakonda. Sijamwambia lako. Lakini mafuta ya habasoda ameshayanunua, kwa hiyo nadhani hana haja ya kuambiwa.

Nafundisha. Tena nafundisha vizuri, na hilo ndilo linalonitisha. Na huku karafuu zimebeba, watoto nilionao ni wale wadogo wasioweza hata kufikia tawi la chini. Wanatosha mikeka miwili. Hawachekeshwi na kauli yangu kwa kuwa ndiyo kauli yao. Mwalimu mkuu alinichungulia, akasema, "Mwalimu, ngoja msimu umalizike ndiyo utalijua darasa lako." Alikuwa anatania. Lakini usiku ule nilikaa kuhesabu majina.

Orodha yangu ina watoto tisini na sita. Watarudi wote siku moja, Mjomba. Na hakuna atakayekaa nyuma.

Sasa nisikilize na wewe. Kwenu huko karafuu zinakwisha mapema kuliko huku. Muombe Bi Shamima aite darasa la kwanza siku za Jumamosi. Nitapanda gari asubuhi nije. Nitawasikiliza watoto wako mmoja mmoja, nani anasoma na nani hasomi, na tutaanza nao tena kutoka herufi ya kwanza. Nawe utakaa nyuma, magoti kidevuni, kama ulivyoniahidi Aprili, unitazame nikisimama mbele ya themanini na watatu kabla sijasimama peke yangu mbele ya hawa wa huku. Chuo hakinidai. Najidai mwenyewe.

Lakini kuna sharti. Sitakuja kwa siri. Mwambie Bi Shamima kwanza, yote, mpaka kile cha Ramadhani. Nitakuwa masikio yako, lakini siwi masikio ya kufichia.

Na ukishaniona, niandikie ulichokiona. Usiandike kama mjomba. Andika kama mkufunzi ambaye nilimkimbia Julai.

Ukikataa nitakuelewa. Ila sitakuja.

Ummkulthum

---

Ole
24 Novemba 2024

Mwanangu Ummkulthum,

Marahaba, na sisi hatujambo. Mama yako alikuja na chupa zake za habasoda, na tangu hapo nanuka kama duka la dawa za kienyeji. Daktari naye ameniangalia. La kushoto basi. La kulia litasaidiwa na kifaa, nacho tunakisubiri.

Bi Shamima nilimwambia, kama ulivyotaka. Hakunifokea. Ningependa angenifokea, hilo ningelisikia. Alisimama mbele yangu ili niione midomo yake, akasema, "Tangu Ramadhani, Maalim?" Nikasema ndiyo. Halafu akasema Jumamosi atawaita, na Januari sitashika tena darasa la kwanza. Atanipa vitabu vya kutunza. Wa kushika darasa hajampata. Amenisalimia kila siku tangu hapo, kwa adabu sana, na adabu yake inaniuma.

Sasa ripoti yako ya jana. Usoni mkufunzi, moyoni najitahidi.

Uliingia vizuri. Ushungi ulikuwa umeubana kwa pini mbili, moja ingetosha. Watoto walikuwa wote, vidole vyeusi vya karafuu, na chumba kizima kinanukia msimu. Ulipoandika uliwapa mgongo muda mrefu. Usifanye hivyo, mwalimu mpya akigeuka ni sawa na kengele ya mapumziko. Unasema haraka. Hata mimi nisiyesikia niliona unasema haraka.

Halafu mjukuu wa Mzee Jabir, yule wa mbele, akakuiga. Niliona bega lake likipanda kama lako, na mkono. Niliona meno ya darasa zima. Chaki ikakuanguka ikavunjika vipande. Ukautazama mlango.

Mlango wetu uko nyuma, hatua chache na pale nilipokaa. Ulipoanza kuja nilijua unakwenda wapi. Nilitaka kusimama nikuzuie, au nikupishe, sijui kipi, lakini magoti yalikuwa yamebanwa na dawati. Ukaja mpaka ukanifikia. Hukuniangalia. Ukatia mkono kwenye mfuko wa shati langu, ukatoa chaki, ukarudi mbele.

Mjukuu wa Jabir akafunga mdomo kabla hujafika ubaoni. Wangu ndio uliokuwa wazi.

Ukawasomesha mstari wa kwanza. Nikaweka kiganja juu ya dawati. Lilikuwa linatetemeka, Kulthum. Lile dawati bovu lilikuwa linatetemeka kwa sauti zao, na mimi nikakaa nimeukaza mkono juu yake kama mtu aliyeshika mnyama anayetaka kukimbia.

Kwa Nusaiba ulikosea. Ulipiga magoti kumsikiliza ukasahau kwamba umeacha themanini na wawili nyuma yako. Wawili walikuwa chini ya dawati, mmoja alikuwa anauza embe mbichi. Ukimsikiliza mmoja, jicho liwe kwa wengine. Hilo halifundishwi na Abdulsamad. Lakini niliona koo la Nusaiba likitikisika, na hilo sikuwa nimeliona tangu Ramadhani. Kama lilikuwa neno au kilio, sijui. Nilitaka kukuuliza pale barabarani, ila gari lilikuwa linakungoja na uso wako ulikuwa umeugeuza. Niandikie.

Wengi wao hawatafika pale walipotakiwa kufika mwaka huu. Jumamosi zilizobaki hazitoshi, na wewe unajua. Tutafanya zinazowezekana. Na wiki ijayo wako wa Mtambile wanarudi wote, na mimi sitakuwa nyuma. Kama kungekuwa na mtu wa kuniuliza kama uko tayari, ningemjibu: bado, lakini hakutoka nje.

Bi Laila amefua lile shati leo asubuhi. Amelileta mpaka barazani, limelowa, linachuruzika, kunionesha mfuko. Mara ya kwanza katika ndoa yetu hakukuta kitu.

Ile uliyoichukua usiirudishe.

Mjomba wako,
Nyange